Lehemu: Neno la Karakana Ndani ya Damu

Karatasi ya majibu ya maabara huandika kolesteroli, halafu LDL na HDL. Nchini Tanzania, daktari anayemweleza mgonjwa mara nyingi husema lehemu.

Kolesteroli ni jina lenye asili ya Kigiriki, lililoundwa kwa maneno mawili: nyongo na -gumu. Mwaka 1815 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikipa jina la kolesterini kitu kilichokuwa kimegunduliwa katika vijiwe vya nyongo. Lehemu tumeitoa kwa mafundi. Ndiyo madini wanayoyeyusha kuungia vyuma. Ukilisikia neno hili, unaona mara moja kitu kinachoganda kwenye kuta za mshipa. Ni istilahi nzuri, kwa kuwa mgonjwa hahitaji kamusi ili aelewe hatari. Tatizo lake ni kwamba humfanya aione lehemu kuwa uchafu, na mazoezi kuwa moto wa kuuyeyusha. Mambo hayaendi hivyo.

Mwili wenyewe hutengeneza lehemu, hasa kwenye ini, na huihitaji: kwa utando wa seli, kwa homoni, kwa vitamini D. Kwa kuwa haichanganyiki na maji, husafirishwa katika damu ikiwa imefungwa ndani ya chembe za mafuta na protini. Chembe za LDL huisambaza mwilini, na zikizidi hupenya kuta za ateri na kuiacha humo. Zile za HDL husaidia kuirudisha kwenye ini, ambako sehemu yake hutolewa kupitia nyongo. Ndiyo maana siridhiki na msemo "lehemu mbaya" na "lehemu nzuri". Lehemu ni ileile; tofauti iko katika kinachoibeba na inakopelekwa. Afadhali tuseme lehemu isambazwayo na lehemu irudishwayo.

Tukisema hivyo, kazi ya mazoezi inaeleweka vizuri zaidi. Misuli inayofanyishwa kazi mara kwa mara huongeza kimeng'enya kinachovunja trigliseridi, yaani mafuta mengine ya damuni, ili iyatumie kama nishati. Trigliseridi hushuka, na HDL kwa kawaida hupanda kiasi. LDL hushuka kidogo tu, na kwa baadhi ya watu haishuki kabisa. Lakini faida ya mazoezi haiishii kwenye lehemu: hushusha shinikizo la damu na huusaidia mwili kutumia sukari vizuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka au kuendesha baiskeli, na ukiacha faida hupungua.

Kwa hiyo, wewe uliyeandikiwa statini, dawa ya kushusha lehemu, usiiache kwa sababu tu umeanza kukimbia asubuhi. Endelea na vyote viwili, rudi upimwe, na ukipewa majibu uliza LDL yako ni ngapi, usiishie kwenye jumla ya lehemu.