Ukarabati wa Land Rover za zamani

Ukarabati wa Land Rover za zamani ni kazi ya kufufua, kutengeneza upya au kubadilisha magari ya aina ya Land Rover yaliyoundwa miongo mingi iliyopita, hasa yale ya Series I, II, IIA na III (1948–1985) pamoja na 90, 110 na Defender zilizofuata (1983–2016). Katika nchi kama Uingereza wengi huifanya kama burudani ya siku za mapumziko. Nchini Tanzania hufanyika uani kwa mwenye gari, chini ya mwembe au katika gereji ya wazi, na mara nyingi lengo ni gari lirudi kubeba watu na mizigo. Katika maeneo ya pwani kama Kibiti na delta ya mto Rufiji, adui mkubwa wa kazi hiyo ni kutu, na sehemu inayoamua kama gari litapona ni chasisi.

## Asili ya gari

Land Rover ilibuniwa mwaka 1947 na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kibali nchini Uingereza, lakini aluminiamu ilipatikana kwa urahisi kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu na kufungwa juu ya chasisi ya chuma.

Gari lilikusudiwa wakulima. Liliweza kufungiwa kifaa cha kuchukua nguvu ya injini ili kuendesha mashine za shambani. Sehemu nyingi zimefungwa kwa bolti na nati, kwa hiyo mlango, bawa la tairi au paa vinaweza kutolewa kwa spana za kawaida. Hii ndiyo sababu kuu ya gari hili kukarabatiwa nyumbani kuliko magari mengi ya umri wake.

Series II ilianza mwaka 1958, IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971. Zinazojulikana zaidi zina urefu wa inchi 88 au 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Zote hizi zilitumia springi za mabamba. Mwaka 1983 ilitoka One Ten yenye springi za koili, na mwaka uliofuata Ninety. Jina Defender lilianza kutumika mwaka 1990, na utengenezaji katika kiwanda cha Solihull ulikoma Januari 2016.

## Historia nchini Tanzania

Land Rover zilitumiwa Tanganyika na serikali ya kikoloni, kisha na idara za serikali ya Tanzania huru, polisi, misheni, hospitali na askari wa wanyamapori. Nyingi ziliuzwa baadaye kwa watu binafsi, zikawa magari ya abiria na mizigo kwenye njia ambazo mabasi hayakufika.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni, na spea zikaadimika. Mafundi walilazimika kutoa vifaa katika gari moja ili kuponya jingine, kuchonga bushi, kushona mipira na kunyoosha kilichopinda badala ya kununua kipya. Ujuzi huo haukupotea hata baada ya biashara ya kuagiza bidhaa kulegezwa kuanzia mwaka 1984. Kuanzia miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi, na Land Cruiser ikachukua nafasi kubwa ya Land Rover. Land Rover zilizobaki zikawa za wale wanaozihitaji kwa barabara mbaya, au wanaozipenda. Mwezi Oktoba 2024 jiji la Arusha lilikuwa mwenyeji wa tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari hayo.

## Kibiti na delta ya Rufiji

Kibiti ni mji na wilaya katika mkoa wa Pwani, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka wilaya ya Rufiji mwaka 2016. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika safari ya kusini iliweza kukwama kwa siku kadhaa. Hata baada ya daraja hilo lenye urefu wa mita 970 kukamilika, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilibaki bila lami hadi miaka ya 2010. Kwa miaka hiyo yote gari lenye kuvuta kwa magurudumu manne lilikuwa hitaji la kweli.

Ndani ya delta kwenyewe gari halifiki. Vijiji vya visiwani katikati ya mikoko hufikiwa kwa mtumbwi au boti. Magari huishia kwenye kingo, kama Nyamisati, bandari ya kwenda kisiwa cha Mafia. Hapo ndipo gari hukutana na mambo matatu yanayoliharibu: hewa yenye chumvi, matope ya maji ya bahari, na mafuriko ya mto. Mafuriko ya mwaka 2024 yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti.

## Namna gari linavyoharibika

Watu wengi huamini kwamba Land Rover haipati kutu kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu. Imani hiyo ni kweli nusu. Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni, na chumvi huharakisha jambo hilo kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Zaidi ya hayo, aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo. Aluminiamu ndiyo inayoliwa. Dalili yake ni unga mweupe na rangi iliyovimba kuzunguka bolti na kingo za milango.

Sehemu za kukagua kwanza ni hizi:

* Chasisi. Imeundwa kama bomba la pembe nne. Matope huingia ndani kupitia matundu, hukaa huko, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Chasisi inaweza kung'aa kwa rangi nyeusi huku imebaki nyembamba kama kopo.
* Boriti ya nyuma na mikono inayoshika bodi pembeni, ambayo hupigwa na matope ya matairi.
* Ukuta wa chuma kati ya injini na chumba cha dereva, hasa pale miguu inapokanyaga na kwenye nguzo za milango.
* Mabomba ya breki, ambayo ni ya chuma na hupita juu ya chasisi palipofichika.
* Vishikio vya springi, kwa kuwa vikikatika ekseli huhama mahali pake.

Njia rahisi ya kupima chasisi ni kuigonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Mahali penye shaka huchomwa kwa bisibisi kabla ya kununua gari au kuanza kazi.

## Hatua za kazi

Fundi mwenye uzoefu huanza chini na kumalizia juu. Kosa la kawaida ni kuanza na rangi, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Kupiga picha na kuandika alama kwenye nyaya na bolti kabla ya kufungua kitu chochote.
2. Kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje ya chasisi.
3. Kukata sehemu iliyooza mpaka kufikia chuma kizima, kisha kuchomelea bamba jipya lenye unene uleule. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hufunika ugonjwa, nao huendelea chini yake.
4. Kutengeneza breki, usukani na springi.
5. Kutengeneza injini, klachi na gia boksi.
6. Kushughulikia umeme, kisha bodi na rangi.

Aluminiamu haichomelewi kwa vifaa vilevile vya chuma. Huhitaji mashine na ustadi tofauti, kwa hiyo mafundi wengi hunyoosha bamba lililopinda au kubadilisha lote. Pale aluminiamu inapokutana na chuma huwekwa kipande cha mpira, plastiki au rangi nzito ili metali hizo zisigusane. Mwisho, ndani ya chasisi hupuliziwa nta au grisi nyepesi, na matundu ya kutolea maji huachwa wazi.

## Marekebisho ya kawaida

Injini. Injini ya kawaida ya Series II hadi III ni ya lita 2.25, ya petroli au dizeli. Wengi huibadilisha kwa dizeli yenye turbo ya lita 2.5 ijulikanayo kama 200Tdi, ambayo hufungwa kwenye gia boksi ya zamani bila kazi kubwa kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na ile ya lita 2.25. Wengine hutia injini za dizeli za Toyota, lakini hizo huhitaji bamba maalumu la kuunganisha injini na gia boksi, pamoja na vishikio vipya.

Difu. Difu ya Series ina uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani propela shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Gari huvuta vizuri lakini injini hupiga kelele kwenye lami. Difu ya 3.54 kutoka magari ya baadaye huongeza kasi, lakini hupunguza nguvu ya kupanda na kutoka kwenye matope.

Breki. Series zote zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Injini yenye nguvu zaidi ikifungwa bila kuboresha breki, gari hukimbia kuliko linavyoweza kusimama. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani, hivyo yanapaswa kubadilishwa mara kwa mara, hasa pwani.

Umeme. Land Rover za awali ziliunganishwa bodi na upande wa chanya wa betri. Anayefunga alteneta ya kisasa bila kugeuza mfumo huo huiunguza mara moja.

## Gari lililoingia maji

Gari lililozama katika mafuriko lisiwashwe wala kusukumwa likiwa kwenye gia. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni hugonga maji na konrodi hupinda. Kwanza hufunguliwa waya wa betri, kisha hutolewa nozeli au plagi na injini kuzungushwa kwa mkono ili maji yatoke. Oili ya injini, gia boksi na difu hukaguliwa. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, imechanganyika na maji na hubadilishwa yote. Grisi ya bearingi za magurudumu hubadilishwa pia. Kama maji yalikuwa ya bahari au ya mlango wa mto, gari lote huoshwa kwa maji baridi siku hiyohiyo.

## Namba ya chasisi na sheria

Nchini Tanzania magari husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kadi ya gari huonyesha, pamoja na mambo mengine, namba ya chasisi, namba ya injini na rangi. Mabadiliko ya vitu hivyo yanatakiwa kuripotiwa ili kadi ilingane na gari.

Kwa Land Rover za pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Katika nyingi, namba ya chasisi imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi, mahali panapopata matope na kutu. Fundi akikata kipande hicho na kukitupa, anatupa pia utambulisho wa gari. Mwenyewe hubaki na gari zima ambalo hawezi kuliuza kwa urahisi wala kuthibitisha kwamba ni lake. Ni busara kupiga picha namba kabla ya kazi na kuwaona wahusika wa usajili na polisi wa usalama barabarani kabla ya kukata, si baada. Kugonga namba mpya kiholela kunaweza kuchukuliwa kuwa kughushi.

## Usalama na mazingira

Tangi la mafuta la Land Rover nyingi liko chini ya kiti cha mbele, hivyo hutolewa kabla ya kuchomelea karibu nalo. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wake ndio unaolipuka. Gari lililoinuliwa kwa jeki hukalishwa juu ya stendi au magogo imara kabla mtu hajaingia chini. Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lake hufutwa kwa kitambaa chenye maji, halipulizwi.

Desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu huharibu bushi za mpira na kudondosha sumu ardhini. Katika delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko na mazalia ya kamba, oili iliyomwagwa huishia majini. Inafaa ikusanywe kwenye madumu.

## Nchi jirani

Nchini Kenya, Land Rover ziliunganishwa mjini Thika na kampuni ya Leyland Kenya, na spea zake zilienea katika kanda. Kenya hairuhusu kuingiza magari yenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda ilizuia yanayozidi miaka 15 tangu 2018. Masharti ya namna hiyo huongeza thamani ya gari la zamani ambalo tayari limo nchini. Magari ya zamani yaliyotunzwa vizuri huonyeshwa katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance jijini Nairobi, na hushindana katika East African Safari Classic Rally, iliyoanza mwaka 2003.

## Tazama pia

* Land Rover
* Wilaya ya Kibiti
* Mto Rufiji
* Daraja la Mkapa
* Kutu