Swali la chumba cha eksirei lilikotoka

Shinkolobwe ni mgodi wa Katanga, kusini mwa Kongo, katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili. Humo ndimo ilimochimbwa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, Agosti 6, 1945. Siku tatu baadaye ikafuata zamu ya Nagasaki. Miongoni mwa walionusurika walikuwamo wajawazito, na kutokana na watoto wao dunia ilijifunza mionzi inavyoudhuru ubongo unaoumbwa.

Dalili za madhara hayo zilikwishaonekana kabla ya mabomu. Mwanasayansi Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, na kwa miaka mingi ilitumika bila tahadhari ya kutosha. Mwaka 1929 madaktari wa Marekani, Goldstein na Murphy, waliripoti watoto waliozaliwa na vichwa vidogo na akili iliyodumaa baada ya mama zao kutibiwa nyonga kwa mionzi wakiwa wajawazito. Lakini ni mionzi kiasi gani, na mimba ikiwa na umri gani?

Jibu lilichukua miongo. Watafiti wa Japani na Marekani waliwafuatilia karibu watu 1,600 waliokuwa tumboni mabomu yalipolipuka. 30 kati yao walikuwa na ulemavu mkubwa wa akili. Mwaka 1984, watafiti Otake na Schull walipozichambua upya takwimu kwa umri wa mimba, ilibainika kwamba walioathirika zaidi ni waliopatwa na mionzi kati ya wiki ya 8 na ya 15 tangu mimba kutungwa. Kati ya wiki ya 16 na 25 madhara yalipungua. Kabla ya wiki ya 8 na baada ya wiki ya 25 ongezeko la ulemavu huo halikuonekana. Katika wiki hizo za hatari seli za neva huzaliwa kwa wingi na kuhama kutoka ndani ya ubongo kwenda tabaka la juu. Mionzi mikali huziua, au huzifanya zikwame njiani.

Tanzania ilitunga sheria ya kujikinga na mionzi mwaka 1983. Sheria ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, inayokagua mashine za mionzi hospitalini. Kwa sababu ya hatari hiyo kwa ubongo wa mtoto, mwanamke wa Majengo, Dodoma, akipelekwa kupigwa picha ya eksirei anapaswa kuulizwa kama ana mimba. Asione aibu kujibu, hata kama mimba ni changa au hana hakika. Asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Vilevile asiogope kupita kiasi. Madhara ya ubongo hayajathibitika chini ya miligrei 100 (miligrei ni kipimo cha kiasi cha mionzi), na picha moja ya kifua humfikishia mtoto chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei. Ultrasaundi hutumia sauti, haina mionzi kabisa. Kutoa mimba kwa sababu ya picha ya kifua ni kupoteza mtoto kwa hofu isiyo na msingi. Vipimo vya CT vya tumbo na tiba ya saratani kwa mionzi ndivyo vya kujadiliwa kwa kina na daktari.

Tatizo ni kwamba wanawake wengi huanza kliniki baada ya miezi mitatu, wakati wiki za hatari zimeshaanza. Kwa hiyo somo hili lisingoje kadi ya kliniki. Lifundishwe sekondari, kwa wasichana na wavulana, kabla hawajawa wazazi.