Kuwakosoa Viongozi Kabla ya Kura

Kila baada ya miaka mitano nchi yetu huingia katika msimu wa sifa. Wagombea hujisifu, wapambe wao huwasifu zaidi, na yeyote anayethubutu kuuliza habari za uadilifu wa mgombea huambiwa kwamba ana wivu, ana chuki au ametumwa. Juma hili napenda tukumbushane kwamba kuuliza huko si uadui. Ni sehemu ya historia yetu, na aliyekuwa hodari kuliko wote katika kuuliza alizaliwa mkoani Mara, katika kijiji cha Butiama.

Katika mkoa huo jambo lenyewe si geni. Wakurya wana iritongo, mkutano wa hadhara ambamo mambo ya jamii hujadiliwa na mkosaji husemwa mbele ya wenzake. Kwa hiyo mwananchi wa Tarime, wa Mugumu au wa Kisaka hahitaji kufundishwa na mgeni kwamba mkubwa naye huhojiwa.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliweka miiko ya uongozi kwa maneno yasiyohitaji mkalimani. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Wapo waliokwepa miiko hiyo, lakini hata mkwepaji alijua kwamba anakwepa. Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya mateso na mauaji yaliyofanywa na vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakumtesa mtu kwa mkono wake, ila aliona kwamba dhamana ni yake.

Februari 1991, huko Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ililegeza miiko ile. Tangu hapo kiongozi akaweza kuwa mfanyabiashara, na mpaka kati ya ofisi na duka ukaanza kufifia.

Ndipo tunafika mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo uliporejeshwa mwaka 1992. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kung'atuka urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Angeweza kukaa Butiama akalima shamba lake. Badala yake alisema. Baada ya hoja ya wabunge 55 ya mwaka 1993, iliyodai Serikali ya Tanganyika, aliandika kitabu cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akawakosoa waziwazi Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama chake mwenyewe. Machi 1995, mbele ya waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, akazitaja nyufa za taifa, na rushwa ilikuwa mojawapo. Katika hotuba za mwaka ule alikumbusha kwamba zamani mla rushwa alifungwa miaka miwili na kuchapwa viboko 24, nusu siku ya kuingia gerezani na nusu siku ya kutoka, akamwonyeshe mkewe.

Tazameni mambo mawili katika ukosoaji ule. Kwanza, aliwakosoa wa kwake. Kumsema mpinzani ni kazi rahisi. Kumsema mwenzako wa chama kunahitaji moyo. Pili, alisema mapema, kabla Mkutano Mkuu wa Julai haujamteua mgombea. Ukingoja mpaka jina limekwisha pitishwa, utaambiwa unakivuruga chama.

Aliyeteuliwa alikuwa Benjamin Mkapa, akanadiwa kuwa mtu safi, akashinda Oktoba kwa karibu asilimia 62 ya kura. Januari 1996 akaunda Tume ya Kero ya Rushwa chini ya Jaji Joseph Warioba, mwana wa Bunda, ambaye miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa ameshindwa ubunge huko kwao. Taarifa ya Tume ilitoka mwaka huo huo, ikaeleza jinsi rushwa ilivyoenea tangu kwa karani mdogo hadi kwa wakubwa.

Lakini historia haina upendeleo. Mwaka 2000, chini ya utawala huo huo, sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ili kuruhusu takrima, eti ni ukarimu wa jadi, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta Aprili 2006. Na Mzee Mkapa mwenyewe, baada ya kuondoka madarakani, alilaumiwa hadharani kwa kufanya biashara akiwa Ikulu. Sifa ya usafi siku ya uteuzi haimlindi mtu miaka kumi.

Wala hayo si ya Afrika peke yake. Kanada, nchi ya kampuni ya Barrick ambayo wananchi wa Tarime wanaijua kwa mgodi wa North Mara, ilipata yake. Novemba 2005 Jaji John Gomery alitoa ripoti kuhusu fedha za serikali zilizopitia kwa makampuni ya matangazo huko Quebec, nyingine zikarudi katika mfuko wa chama cha Liberal. Waziri Mkuu Paul Martin hakuonekana kuwa na hatia. Hata hivyo, Januari 2006 wapiga kura walimwondoa. Alilipa deni la nyumba aliyoiongoza.

Na sisi je? Tunamlaani mla rushwa jioni, na asubuhi tunapokea kanga, kilo ya sukari na noti ya mgombea. Takrima haikuwa na mtoaji tu. Ilikuwa na mpokeaji pia. Aliyeinunua kura yako amekwisha kukulipa, na kwa hesabu zake hakudaiwi kitu tena, si barabara wala dawa za zahanati. Mtu aliyekwisha kula cha mgombea atasimama wapi kumhoji?

Tuulize mapema, tuwaulize wa kwetu kwanza, na tusiache kuuliza baada ya kura kuhesabiwa. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.