DCC au MiniDisc? Vita vya 1992

Haya, turudi 1992. Una kabati limejaa kaseti, na pesa za kununua mashine moja tu. Philips na Matsushita wanakuletea DCC, kanda ya kidijitali. Sony nao wanakuletea MiniDisc, kisahani cha milimita 64 ndani ya kasha la plastiki. Ukikosea, nyimbo zako zote mpya zimefungiwa kwenye mashine isiyo na mwenzake.

Ukisoma maelezo tu, DCC ndiyo bora. Inacheza kaseti zako za zamani (sisi wa programu tunapenda sana hilo!) na inabana sauti kidogo: kilobiti 384 kwa sekunde, MiniDisc 292, CD 1,411. Lakini jamani, kanda ni kanda. Wimbo wa tisa unausubiri izunguke. MiniDisc inaruka papo hapo, unafuta, unapanga upya, kwa sababu orodha ya nyimbo imeandikwa mahali pake kama faili kwenye diski. Mimi naona hapo ndipo vita viliishia.

DCC ilizikwa 1996. MiniDisc ilipendwa Japani. Sony waliacha kuuza mashine zake 2013, na kutengeneza visahani vitupu 2025. Kichekesho: mbano wa DCC ulitokana na MPEG-1 Layer I, ukoo mmoja na MP3.