ACT na Dhahabu ya Nyarugusu

Juni 2015 ACT-Wazalendo walitoa Azimio la Tabora, kuufufua ujamaa wa Arusha. Oktoba mgombea wao wa urais, Mama Anna Mghwira, akaambulia kura 98,763.

Pigo la pili lilikuja 2017. Rais Magufuli, mzaliwa wa Chato, mkoani Geita, akapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6. Hoja ya rasilimali ikahamia kwa mshindi; Mama Mghwira naye akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro!

Chama kiliokolewa Machi 2019 na Maalim Seif na wafuasi wake wa Zanzibar, ambao kilio chao hakikuwa ujamaa. Mwaka 2020 Zitto Kabwe akapoteza Kigoma Mjini.

Mrabaha ule humkata hata mchimbaji mdogo wa Nyarugusu. Wajamaa watamwendea na neno gani?