Kupoza Maziwa kwa Gharama Ndogo: Habari za Zamani na za Sasa

Tangu enzi za babu zetu, katika nchi ya Mbulu na Hanang maziwa hayakuwa na haja ya kupozwa. Mama wa Kidatoga alikifukiza kibuyu kwa moshi, akayatia maziwa humo, yakaganda yakawa chakula kitamu. Shida ilianza yalipotakiwa mabichi mjini, kwa maana maziwa hutoka chuchuni na joto la digrii 37 hivi, na kiwanda huyataka ya digrii 4. Ya jioni ndiyo yatuumizayo: yasipopozwa usiku ule ule, asubuhi mpokeaji huyakataa, na mfugaji hurudi na ndoo yake.

Huko Ulaya walitumia kwanza mabomba yaliyopangwa moja juu ya jingine. Maji baridi yalipita ndani, maziwa yakatiririka nje, wazi kwa vumbi na nzi. Mwaka 1923, mjini London, Richard Seligman akatengeneza chombo cha mabamba yaliyobanwa pamoja, maziwa yakipita katika mwanya mmoja na maji katika mwanya wa pili. Mabamba ya kwanza yalikuwa mazito, ya kusubu. Katika miaka ya 1930 yakaanza kupigwa chapa katika bati jembamba, madini machache yakatosha kazi ile ile. Tena hufunguliwa yakasafishwa, na maziwa yakizidi, huongezwa mengine.

Ujanja mkubwa zaidi hauna bei. Tuseme maziwa ni ya digrii 36 na maji ya kijito 18, kwa kiasi kilicho sawa. Vikienda upande mmoja, vyote viwili vitakutana kwenye 27, basi. Vikipishana, maziwa yaweza kushuka hadi 20, na maji yakatoka na 34, yafaayo kuoshea vyombo. Kutoka 36 hadi 4 ni digrii 32. Kijito kimeondoa 16, nusu nzima ya kazi ya mtambo wa umeme. Lakini hapana budi kujua mahali pa kukoma: kila digrii inayokaribia 18 yataka mabamba mengi kuliko iliyotangulia.

Wenzetu wa Tanga, walioanzisha chama chao kikuu cha wafugaji wa maziwa mwaka 1993, hukusanya maziwa katika vituo vyenye mitambo ya kupoza. Sisi tunacho kijito. Halmashauri na ipime kwanza joto la maji yake mwezi Oktoba, wakati wa jua kali, ndipo iulize bei ya mabamba.