Maganda ya Government Road

Moi Avenue ilipokuwa ingali Government Road, bunduki ya kuulia ndovu iliweza kununuliwa katikati ya Nairobi mchana kweupe. Marehemu baba yangu alifanya kazi katika duka moja la aina hiyo tangu miaka michache baada ya Vita vya Pili. Hakuuza bunduki. Kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma, kwenye meza iliyopigwa bati juu, akipanga maganda ya risasi yaliyokwisha kufyatuliwa.

Baadhi ya wawindaji wa Kizungu walikuwa wakijaza risasi zao upya nyumbani, huko Karen na Lang'ata. Ganda la shaba ndilo sehemu ya risasi inayoweza kutumika tena. Baruti huungua, fataki inayoiwasha hulipuka, na kichwa cha risasi hubaki mwilini mwa mnyama. Basi mteja alirudi kutoka safari na mfuko wa turubai, akaumwaga pale mezani, na baba akaanza. Kwanza alitazama kitakoni, palipogongwa muhuri wa kiwanda na aina ya risasi. Kisha alitenga ya kila bunduki peke yake, kwa maana ganda likifyatuliwa hutanuka na kuchukua umbo la chumba cha bunduki ile ile. Kila mteja alikuwa na mkebe wake, na juu ya kila mkebe baba alibandika karatasi ya kuonyesha maganda yale yamejazwa mara ngapi. Mwisho alichukua waya uliokunjwa ncha, akautia ndani ya ganda, na kupapasa ukuta wake karibu na kitako. Waya ukikwama kwenye kijifereji, shaba ilikuwa imechoka pale na siku moja ingekatika. Ganda hilo alilibonda kwa nyundo papo hapo ili asitokee mtu wa kulirudisha mkebeni.

Kulikuwa na utengano mwingine ambao aliupenda kuueleza. Ukichungulia ndani ya ganda lililotoka Marekani utaona tundu moja katikati ya kitako. La Uingereza la enzi zile mara nyingi lina matundu mawili madogo. Lenye tundu moja fataki yake kuukuu husukumwa nje kwa sindano, na kazi imekwisha. Lenye mawili humtoa fundi jasho. Mfumo wa tundu moja ulibuniwa na Mwingereza, Edward Boxer, na ule wa matundu mawili na Mmarekani, Hiram Berdan, wote katika miaka ya 1860, halafu kila nchi ikaishia kushika zaidi ule wa mwenzake. Kenya ilikuwa koloni la Mwingereza, kwa hiyo meza ya baba ilijaa matundu mawili, hasa ya kiwanda cha Kynoch cha Birmingham. Winchester ilipotoa risasi yake ya .458 mwaka 1956, ya tundu moja yakaanza kuongezeka. Na Kynoch ilipoacha kutengeneza risasi zile kubwa za uwindaji katika miaka ya 1960, wenye bunduki za .470 walijikuta na silaha ya thamani isiyo na chakula. Ganda zima la .470 likawa la kufungiwa kabatini.

Mikebe ya wateja baba hakuiruhusu ikae karibu na choo wala zizi. Waingereza walilipata somo hilo India: maganda yaliyohifadhiwa msimu wa mvua yalipasuka yenyewe shingoni, na mwaka 1921 wataalamu wao wakaeleza kwamba amonia, kama ile ya mikojo ya farasi, huila shaba iliyobeba mkazo ndani yake. Baba hakuwa amesoma maandishi yao. Alifundishwa na aliyemtangulia pale mezani, naye ni Mwafrika ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote.

Hapo ndipo panaponiuma. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909, na yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe. Katika kitabu chake aliwataja Juma Yohari na Kassitura, wabeba bunduki wa Kermit. Angalau majina yao tunayo. Walikuwepo wengine wengi waliovunja bunduki za mitutu miwili katikati ya vumbi, wakatoa maganda ya moto kwa vidole na kutia risasi mpya huku nyati anakuja. Ujuzi huo uliendesha biashara nzima ya safari, na historia yake inastahili kuandikwa kwa uzito ule ule wa historia ya wawindaji.

Nyumbani kwetu Kibra maganda yalitangulia hata duka. Babu, Mnubi, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na ardhi tuliyokaa ilikuwa hifadhi ya jeshi. Alisimulia kwamba baada ya mazoezi ya shabaha askari waliinama kuokota maganda, yakahesabiwa mbele ya afisa, na aliyepungukiwa alirudi nyasini kutafuta.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, hesabu hiyo ikawa ya roho. Akina mama walizitoa risasi mjini ndani ya vyondo kuwapelekea wapiganaji wa msituni, na kukutwa na risasi kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alishtakiwa mwaka 1956 kwa bastola na risasi sita, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Miaka hiyo baba alikaguliwa mifuko kila jioni, na mama alikagua tena mlangoni kabla hajaingia, pindo za suruali pia.

Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji, na kazi ya meza ile ikaisha. Baba alirudi nyumbani na jicho lake. Mimi huyeyusha shaba hapa Kibra, natengeneza bangili na hereni, na kuchagua nilijifunza kwake. Shaba ya maganda ni sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki; ya mifereji ina zinki zaidi, na huongezwa risasi, ile metali, ili ikatike vizuri mashineni. Ukichanganya, rangi huyumba, na bangili ya kuvaliwa mkononi haifai kuwa na risasi. Watu wa skrepu wakiniletea maganda nayakataa, kwa kuwa fataki moja ambayo haijafyatuliwa inaweza kulipuka ndani ya chungu cha kuyeyushia, na polisi watauliza yalikotoka. Tangu biashara ya skrepu iliposimamishwa Januari 2022 na kufunguliwa tena Mei, nimekuwa mkali zaidi: kila gunia nalimwaga chini kwanza, nachambua kufuli upande huu na mifereji upande ule, ndipo tupime kilo.